Nyota ya Mama Lucky

Mume wangu akipanda juu ya paa la mtu, mimi huifunika chai yake kwa sahani, kwa sababu najua hatashuka upesi. Kufunga dishi kwenyewe si kazi ya kutwa. Kinachomchelewesha ni maswali. Mwenye nyumba akisimama chini, akainua uso na kusema, "Fundi, hivi hiyo setilaiti iko wapi hasa?" basi siku imekwisha. Elifuraha ataweka spana pembeni, atakaa juu ya bati kama mtu aliyeko sebuleni kwake, na ataanza kueleza. Watu humwita kwa ajili ya picha iliyokatika, wakapata picha na mhadhara juu yake.

Tunakaa Kaloleni, vyumba viwili vya kupanga, karibu na uwanja. Mimi nashona. Cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo kila anayemtafuta hunikuta mimi kwanza, na nimeshajua kuwatambua kwa macho tu. Mwenye dishi bovu huja na haraka zake. Mwenye swali huja taratibu, anashikashika vitambaa ambavyo hana mpango wa kuvinunua, mwisho anauliza, "Fundi Anga yupo?" Hilo ndilo jina walilompa mtaani, naye analipenda kuliko lile la ubatizo.

Alikuja Arusha kutoka Machame, Kilimanjaro, akiwa kijana, akajifunza kazi kwa kumshikia ngazi fundi mwingine. Kilichomvuta ni ajabu moja ya hapa kwetu. Kuna aina ya dishi ambalo huku Arusha halitazami upande wowote. Setilaiti yake iko karibu kabisa na utosi wetu, kwa hiyo dishi linalala chali kama karai. Mvua ikinyesha linajaa maji, picha inapotea, na kunguru wanakuja kuoga. Mafundi wengine hutoboa tundu chini ili maji yatoke, wakaenda zao. Elifuraha naye alitoboa tundu, kisha akataka kujua kwa nini. Akauliza watu, akasikiliza redio, akasoma kila karatasi aliyoipata, na simu za kisasa zilipoingia ndipo nikampoteza kabisa. Mimi ni Mkibosho, Mchaga kama yeye. Mama yangu alinionya mengi kuhusu wanaume wa Machame, lakini hakuniambia kwamba nitasimuliwa habari za sayari ya Zohali nikiwa nimeshavuta shuka nilale.

Maswali yenyewe ni ya kila namna. Mzee mmoja wa Sokon One alitaka kujua kama setilaiti haichoki kusimama pale juu. Elifuraha akamwambia haisimami hata kidogo. "Mzee, inazunguka, na sisi tunazunguka. Watu wawili wakikimbia uwanjani, mmoja njia ya ndani na mwingine njia ya nje, wakienda bega kwa bega, kila mmoja atamwona mwenzake yuko palepale." Mama mmoja wa Levolosi aliuliza kwa nini mwezi mchanga kwenye kalenda umesimama, na wa kwetu umelala kama bakuli. Akajibiwa kwamba picha ile ilichorwa na watu wa mbali kaskazini. Huku kwetu jua linazama wima, linaumulika mwezi kutokea chini. Vijana wa bodaboda wao wana swali moja tu: wale wanaoishi angani wanajisaidia wapi? Hilo analijibu kila wiki, kinaganaga, mara nyingine sisi tukiwa mezani.

Mstari wa taa ulipopita angani jioni moja, taa nyuma ya taa kama msafara wa harusi, baraza langu lilijaa watu. Wengine walikuwa wanasali kwa sauti. Elifuraha alisimama kwenye kiti akawaambia ni setilaiti za intaneti, zimerushwa pamoja, zitaachana zenyewe siku chache zijazo. Waliondoka wakicheka. Sketi mbili za mteja zilikanyagwa na nilizifua mwenyewe.

Ana sharti moja: hamwachi mtu aende bila jibu. Akiwa hana, husema, "Njoo kesho," na kesho kweli analo. Nimewahi kumtania mbele za watu kwamba siku akisema "sijui" nitachinja kuku.

Sasa nimtaje Mama Lucky. Yeye hutuletea maziwa kila asubuhi kutoka Sambasha, juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Ni Mwarusha, mjane. Mumewe alipofariki alirudi kwenye boma la baba yake na mwanawe mmoja, na hapo ndipo anapoishi mpaka leo. Jina lake ni Namnyaki, maana yake kwa Kimaa ni mwenye bahati. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza mume wangu chochote. Anapima maziwa, anasema, "Haya mama, siku njema," anakwenda.

Asubuhi moja alimaliza kupima na hakwenda. Alisubiri mpaka kijana mmoja aliyekuwa anauliza habari za roketi aondoke.

"Baba Diana," akamwambia mume wangu, "nyota ya mkia ikija, inakuja kwa nani?"

Elifuraha uso ulimchanua, kwa sababu nyota za mkia anazipenda. Mimi niliona jinsi yule mama alivyolishika dumu lake kwa mikono miwili, na nikasimamisha cherehani.

"Mama Lucky," nikamwambia, "kuna nini? Kaa."

Hakukaa. Alisimulia akiwa amesimama, kwa sauti ileile anayotajia lita. Siku aliyozaliwa yeye, nyota yenye mkia mrefu ilisimama juu ya mlima alfajiri, na siku hiyohiyo mama yake akafa. Hivyo ndivyo alivyoambiwa tangu akiwa mtoto. Aliyemwambia ni mke mdogo wa baba yake, Nashipae, ndiye aliyemlea. Sasa ni mzee na boma zima linamwita Koko, yaani bibi. Namnyaki alipokuwa binti mdogo wa kuanza kutumwa maji, Nashipae alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Namnyaki akampakata, kama watoto wanavyopenda kupakata watoto. Wiki haikuisha, yule mchanga akafa.

"Tangu siku hiyo Koko akaweka mwiko," alisema. "Nisimguse mtoto mchanga mpaka shingo yake ikaze. Wote waliozaliwa pale, mimi niko nje napasua kuni. Wakishakaza shingo, naruhusiwa."

"Na Lucky, wa kwako mwenyewe?"

"Lucky nilimzaa Monduli, kwa mume wangu. Huko hawakujua habari zangu. Baba aliniita Namnyaki ili ayazime maneno, hayakuzimika. Na mimi nikamwita mwanangu Lucky."

Sasa Naisula, mke wa huyo Lucky, alikuwa na mimba ya kwanza na zilibaki wiki chache. Katika boma lao, mtoto akiletwa kutoka hospitali, bibi mzaa baba ndiye anayempokea mlangoni na kumwingiza ndani. Koko Nashipae alikuwa ameshatoa amri kwamba atampokea yeye, na Mama Lucky aende akakae kwa ndugu zake Oldonyosambu mpaka shingo ya mtoto ikaze.

"Lucky anasemaje?" nikauliza.

"Lucky anasema ni mambo ya kizamani. Lakini Naisula anaogopa, ni mtoto wake wa kwanza. Na mimi mwenyewe naogopa, mama. Ndiyo maana nauliza. Kama ile nyota ilikuwa yangu kweli, nitakwenda Oldonyosambu bila ugomvi. Kama haikuwa yangu, nataka nimpokee mjukuu wangu."

Elifuraha akasema, "Njoo kesho."

Jibu la kesho lilikuwa zuri, haki yake nampa. Alimweleza kwamba nyota ya mkia si nyota hasa, ni donge la barafu na vumbi. Linazunguka jua kwa njia ndefu mno, mara nyingine zaidi ya miaka elfu moja mzunguko mmoja. Likilikaribia jua barafu inafuka, na ule mvuke na vumbi ndio mkia. Miaka ile, alisema, kubwa za kuonekana huku zilikuwa mbili, ya mwaka sitini na tano na ya mwaka sabini, na dunia nzima iliziona. "Haikuja kwa mtu, mama. Ilikuwa inapita njia yake." Mama Lucky alisikiliza kila neno. Aliondoka akitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo, na Elifuraha alikula mayai manne kwa furaha.

Siku iliyofuata maziwa hayakuja, na iliyofuata pia. Aliporudi, macho yalikuwa yamemvimba.

"Nimemweleza Koko yote," akasema.

"Akasemaje?"

"Akasema, kumbe ilisafiri miaka elfu ili ifike kwetu? Basi kweli ilitumwa."

Elifuraha akajikuna kidevu. "Hukumwambia dunia nzima iliiona?"

"Nilimwambia. Akaniuliza, na dunia nzima hiyo siku ile hakufa mtu?"

Mama Lucky akapima maziwa, akasema ameambiwa aanze kufunga nguo zake, akaenda. Nilimhurumia mpaka nikajitoboa kidole kwa sindano, na hasira zangu zote zikamwangukia aliyekuwa karibu.

"Umejibu habari za nyota," nilimwambia. "Yule mama amekuja kuuliza habari za mjukuu."

"Nilichosema ni kweli, Mama Diana."

"Ni kweli, na kimemharibia. Jumamosi tunakwenda Sambasha. Dishi la Lucky halishiki tangu mvua zianze, amelalamika mara ngapi? Utakuwa na sababu ya kuingia."

Tulikwenda kwa pikipiki yake, mimi nyuma na mkungu wa ndizi, kwa sababu Mchaga haendi penye mwanamke wa kujifungua mikono mitupu. Boma liko kwenye mteremko, mahindi pande zote, na mlima umesimama mbele yake upande wa macheo, umejifunga wingu kiunoni. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta kizee mkali wa kunitolea macho. Nilimkuta bibi mwembamba, shanga shingoni, amekaa uani anageuza maharage aliyoyaanika. Alikuwa ameyaanika kwenye dishi bovu la zamani. Mume wangu alivyoliona akacheka peke yake.

"Shikamoo, Koko," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Karibuni, karibuni."

Elifuraha akajitia kujua Kimaa. "Takwenya, Koko," alisalimia, kwa lafudhi ya Kimachame iliyokolea.

"Iko!" Koko alijibu, akacheka hadi akafuta machozi. Akatuletea loshoro ya mahindi na maziwa mgando kwa mkono wake, akanipa mimi kiti chenye mgongo. Ilinibidi nikubali kwamba nampenda, na hilo liliniudhi, maana nilikwenda nikiwa na maneno yangu tayari. Mama Lucky alikuwa kule kwenye kuni. Naisula alikaa mlangoni, tumbo limeshuka, anatusikiliza.

Elifuraha akapanda paa. Ndege walikuwa wamejenga kiota juu ya tundu la maji na dishi limejaa pomoni. Akazibua, akapangusa, kidude chake cha kutafutia mawimbi kikalia, Lucky akapiga kelele kutoka ndani kwamba picha imerudi. Na Koko, kama wenye nyumba wote, akaja akasimama chini na kuinua uso.

"Wewe ndiye uliyesema nyota ni barafu?"

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu mume wangu alishuka kwenye paa la mtu haraka. Akakaa kwenye gogo karibu na Koko. "Ndiyo, Koko. Barafu, kama ile ya Kibo."

"Nimeiona ya Kibo. Haina mkia."

Akavuta pumzi aanze ule mhadhara wake. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama, akanywea, halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akauliza yeye.

"Basi Koko, nieleze wewe. Uliiona vipi?"

Koko aliacha maharage. Nadhani watu walikuwa wamemkatalia tu au wamemwogopa, hakuna aliyewahi kumwambia asimulie.

"Nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja tu," akasema. "Ilikuwa masika, lakini alfajiri ile mvua ilikatika, mbingu nyeupe. Nikatoka kwenda kukamua. Ikawa pale." Akanyoosha kidole kwenye bega la mlima. "Kichwa chini, mkia juu, kama moshi wa jiko usio na upepo. Ng'ombe wakakataa kutoa maziwa. Wazee wakatoka na shuka zao, hakuna anayesema. Na huyu analia." Akaelekeza kidevu upande wa kuni. "Analia, analia, kila siku analia, anamtaka mama yake. Nikajipinda hivi nimgeuzie mlima, aone, anyamaze. Akainua kichwa. Akaitazama, akanyamaza. Hapo nikajua ni yake."

"Masika!" Elifuraha akaruka. "Basi ni ya mwaka sabini, Koko, mwezi wa nne hivi! Ile nyingine ilikuja Oktoba na Novemba. Na kweli ilionekana upande huohuo!" Alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota pete yake. Nikamwacha. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye jambo lingine kabisa. Nimelea watoto watatu, na mgongo wangu unawakumbuka wote.

"Koko," nikasema, "samahani nikuulize. Ulikuwa unakwenda kukamua. Mkono mmoja una kibuyu, mwingine kwenye chuchu ya ng'ombe. Mtoto alikuwa wapi?"

"Mgongoni. Angekuwa wapi?"

"Umemfunga wima?"

"Wima."

"Ukajipinda, akainua kichwa mwenyewe, akautazama mlima."

"Akautazama, nimekwambia."

"Kwa hiyo shingo ilikuwa imekaza."

Kuku walikuja kwenye maharage, Koko hakuwafukuza. Mwanamke aliyepima shingo za watoto wa boma zima maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa na mimi kwamba mtoto wa siku moja hafungwi mgongoni kwenda kukamua. Elifuraha alianza kusema, "Maana yake ni kwamba," nikamkanyaga tena, safari hii kwa kisigino.

Koko alikuwa anatazama chini, midomo inatembea. "Mama yake tulimzika kiangazi," akasema polepole. "Ardhi ilikuwa ngumu. Wanaume waliazima sururu kwa jirani." Akakunja kidole. "Halafu vuli ikapita. Nilikuwa namnywesha maziwa ya mbuzi. Halafu masika."

Mama Lucky alikuwa ameacha kuni. Alikuja akasimama hatua chache kutoka kwetu, shoka bado mkononi.

"Koko," akasema, "kumbe mama alikufa kwa nini?"

"Damu. Ilitoka, haikukata. Hakukuwa na gari."

"Na nyota?"

"Siku ile hakukuwa na nyota." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kulikuwa na vumbi tu."

Naisula alianza kulia pale mlangoni, na Lucky akatoka ndani akamshika bega. Mama Lucky hakulia. Alibaki anamtazama yule aliyemlea, na sikuweza kuusoma uso wake. Nusu karne ya kukaa nje ya mlango si jambo la kusamehewa kabla ya loshoro kupoa.

Koko alimgeukia mume wangu.

"Wewe unayejibu watu. Mtoto wangu, yule wa kwanza. Alikufa kwa nini?"

Elifuraha alivua kofia. Nilimjua, nilijua kichwa chake kinatafuta, homa, kitovu, maji, baridi ya mlima. Nilisubiri aseme "njoo kesho".

"Koko, sijui," akasema.

Koko akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa analitarajia. "Hata mimi sikujua," akasema, akamtazama Namnyaki. "Na huyu ndiye aliyekuwa karibu."

Akainuka, akawafukuza kuku, akaendelea kugeuza maharage. Mama Lucky alitusindikiza mpaka barabarani, nikamwuliza kuhusu Oldonyosambu. "Hajasema kitu," akanijibu. "Nguo zangu bado ziko kwenye mfuko." Njiani mume wangu hakuongea habari ya kitu chochote cha angani, na mimi sikukumbuka habari ya kuku.

Wiki zikapita. Maziwa yalikuja kila asubuhi, na kila asubuhi nilimtazama nikiuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa kwamba bado. Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia Elifuraha kwamba ukweli tumeupeleka hadi uani na umekaa huko unaanikwa na maharage. Yeye akasema watu wa kale waliiona dunia ikizunguka kwa hesabu kabla hawajakubali mioyoni. Nikamwambia aache.

Kisha Lucky akapiga simu: Naisula amejifungua salama hospitali ya mjini, mtoto wa kike, kesho wanarudi nyumbani, na tafadhali tuwepo. Nilipika mtori wa ndizi wa mzazi tangu asubuhi, nikaubeba kwenye ndoo yenye mfuniko, tukafika Sambasha kabla ya gari lao.

Wanawake wa boma walikuwa wamejaa uani. Koko Nashipae alisimama mlangoni, amevaa shuka mpya, mikono ameipaka mafuta. Mama Lucky alikuwa kwenye kuni zake, na shoka. Nilimwambia mume wangu, bila kushusha sauti, kwamba kizee yule ana kichwa kigumu kuliko huo mlima.

Gari likaingia. Naisula akashuka taratibu, mtoto ameviringishwa kwenye blanketi la njano. Vigelegele vikapigwa. Alimtazama mama mkwe wake kule mbali, kisha akamtazama Koko, akasita, na Koko akanyoosha mikono akampokea mtoto. Akamfunua uso, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji. Wanawake wakaachia njia mlangoni ili aingie naye ndani.

Hakuingia. Aligeuka, akaanza kuvuka ua polepole, mtoto kifuani, na vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kuni.

"Namnyaki," akasema, "weka shoka chini."

Mama Lucky akaliweka. Akapangusa mikono kwenye gauni. Akaitazama, akaipangusa tena. Koko akamwekea mtoto mikononi, na yeye, ambaye tangu Lucky hajawahi kupakata mchanga, na watoto wote wa boma lile alipewa wakiwa wameshajiweza, akampokea kama anavyopokewa mtoto mkubwa, na kichwa kikalegea upande. Koko akapeleka mkono wake haraka chini ya mkono wa mwenzake, akauacha hapo.

"Shika shingo," akamwambia. "Bado haijakaza."